Ukurasa wa Tisini na Tatu

Mwalimu Senyagwa alikiinua mbele ya paredi
kwa vidole viwili, kama panya aliyeshikwa mkia:
kitabu kisicho na jalada,
kilichotoka sandukuni mwa marehemu karani wa stesheni.
"Hiki ni sumu," alisema. "Atakayekutwa nacho
atachapwa hapa, ataitiwa baba yake,
na baba atachapa palipobaki."
Upepo wa Bahi, usiojua adabu, ukakifunua,
ukasoma kurasa tatu nne mbele ya macho yetu.
Haukuchapwa.

Hakukichoma. Miaka ile karatasi ilikuwa adimu,
tuliandika hadi pambizoni, tukafuta, tukaandika tena.
Akampelekea mkewe.
Naye Mama Perusi, muuza karanga wa stesheni,
ambaye herufi kwake zilikuwa sisimizi waliokufa tu,
akakichana karatasi moja moja,
akasokota pembe, akajaza, akakunja ncha.

Basi kitabu kilichofungiwa
kikaanza kufungia karanga.

Treni ya Kigoma ilisimama dakika kumi.
Abiria walitafuna, wakapangusa chumvi midomoni,
wakatupa hadithi dirishani.
Chini, kwenye kokoto za reli, tulikuwa mimi na Ndahani,
magoti meupe kwa vumbi,
tukiokota.
Siku ambayo upepo ulituwahi, tulinunua
kwa senti zilizokuwa za sadaka.
Mungu anajua. Sijamrudishia.

Hatukusoma kwa mpangilio; tulisoma kwa njaa ya abiria.
Yule mwanamke wa kitabuni tulimzika Jumanne,
Alhamisi akaolewa,
Jumapili, baada ya ibada, akawa mtoto
anayelilia kiatu kilichosombwa na korongo.
Mafuta yalikuwa yamepenya: maneno ya nyuma
yaliogelea kati ya maneno ya mbele,
tukajizoesha kusoma pande mbili kwa pamoja,
somo lisilokuwamo kwenye ratiba ya Senyagwa.

Tulizificha karatasi darini mwa tembe letu,
kati ya fito na udongo,
na panya, kwa uchu wa chumvi, wakala sura ya nne.

Lakini tisini na tatu hatukuuona.
Wavulana wa darasa la saba waliapa kwamba ndio wenyewe,
ndio uliofanya kitabu kizima kihukumiwe.
Ndahani alisema umeteremka Kigoma
mfukoni mwa mtu mwenye bahati.
Tukasubiri msimu mzima wa karanga.
Kisha tukawasha koroboi,
tukauandika wenyewe.

Sitasema tuliandika nini.
Tulikuwa na miaka kumi na miwili, tulijua kidogo,
na pale tusipojua tulizidisha.

Mama ndiye aliyeukuta, siku ya kukandika paa.
Alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima mwaka uliotangulia;
akasoma akiwa amesimama ngazini,
kidole kikitambaa chini ya kila neno,
midomo ikitangulia, sauti ikifuata.
Mimi chini, ndoo ya udongo mkononi, nahesabu fimbo.
Akasoma mpaka mwisho.
"Mbona huyu mwanamke hamkumpa jina?"
Akaurudisha mahali pake,
akaukandikia udongo.

Mwaka juzi nilikipata kizima, Dodoma mjini,
kwa muuza vitabu chakavu nyuma ya soko la Majengo,
elfu tatu, jalada likiwapo.
Nikakisoma kwa mpangilio, kuzaliwa hadi kufa.
Kilikosa chumvi.
Tisini na tatu nimeuruka.